Zidaka

Famau alipokwenda Eldoret kusomea uganga wa mifugo
aliniachia daftari la kurasa tisini na sita
na wadudu watano ndani ya zidaka za bibi,
pale zilipokaa zamani sahani za Uchina.
Sahani ziliuzwa mojamoja, mwaka wa ada, mwaka wa figo.
Sasa kuna chupa za jemu, vifuniko vya chandarua,
na macho.

Ukurasa wa kwanza: "Huyu wa kijani ni Kadhi.
Mpe mende, wasizidi wawili kwa wiki.
Usimharakishe. Hutazama kwanza, kisha huhukumu."
Ukurasa wa tatu: "Jani Kavu. Utadhani amekufa.
Mpulizie. Akiyumba, yu hai."
Ukurasa wa nne: "Bi Harusi ana hina mbawani,
duara moja kila upande, kama ya fundi mwenye haraka.
Akikutisha atazikunjua zote mbili. Usicheke."
Kisha Ufito wawili, mume na mke: "Watenge."
Neno hilo alilipigia mistari mitatu.

Bibi Mwana Esha hakupita ukumbini
bila kujitemea kifuani.
"Ukimgusa vunjajungu utavunda jungu.
Mamako alimgusa mmoja asubuhi ya arusi yake."
Sikuuliza ni jungu gani lililovunjika.
Nililelewa ndani ya vigae vyake.

Kila alfajiri nikaenda nyuma ya Langoni, wanakofungwa punda,
na soksi kuukuu na kipande cha papai,
kuwinda nzi. Mimi, mshona kofia,
nisiyejua kazi isiyo na sindano.
Mwenye punda akaniuliza:
"Wenzio wanunua dawa, wewe wawaalika?"

Niliwazoea polepole.
Nikishona, Kadhi hunigeuzia shingo,
na ile nukta nyeusi ndani ya jicho lake
hunifuata kutoka uzi hadi mkasi.
Usiku mmoja nikamwona Jani Kavu akijivua ngozi,
ananing'inia kichwa chini, anajitoa ndani ya nafsi yake
mguu baada ya mguu, saa nzima,
na ngozi ikabaki imeshika chandarua, mikono juu,
ikiomba, na ndani hamna mtu.

Kisha nikakosea vifuniko.
Nilipofika, Ufito wa kike alikuwa amekwisha kula kichwa
na mume hajui bado, anaendelea na ndoa.
Nikatoka mbio, chupa wazi.
Nikamwandikia Famau: nisamehe.
Akajibu: "Ndivyo walivyo. Mke yuko wapi?"
Hayupo. Si chupani, si darini, si kwenye mapazia.

Wiki mbili baadaye, mfungo ukiwa keshokutwa,
bibi aliteremsha jungu lake la udongo
kwa ajili ya karamu ya kuvunja jungu.
Chini ya mdomo wake, upande wa giza,
palikuwa na povu lililokauka, rangi ya sukari guru,
na Ufito kando yake, mwembamba kama uzi uliobaki sindanoni.

Nilingoja ateme.
Akainama, akanyoosha kidole, akakizuia kabla hakijafika.
"Mna wangapi humu?"
"Famau asema hufika mia."
"Mia," akasema. "Na mimi hupikia thalathini."
Akajitanda buibui, akaenda kwa kina Khuzaima
kuazima sufuria, na njia nzima akilalamika
kwamba sufuria huunguza wali.

Usiku wa kumi na saba, daku limeliwa,
wakaanza kushuka kutoka kwenye povu, kila mmoja na uzi wake,
wadogo wa kupita tundu la sindano,
mikono imekunjwa tayari, hata dunia hawajaiona.
Bibi akaleta kurunzi.
Mmoja akakosea njia, akapanda ukucha wake wa shahada.

"Nimeguswa," akanong'ona. "Mimi sikugusa."
Na akakaa vivyo hivyo, mkono umenyooka,
hata muadhini akakohoa kwenye kipaza sauti.